Lushoto mpaka Mtae kwa miguu: shajara ya mradi

Jumamosi 12 Aprili

Nimeamua kuandika hapa kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp kila tunachokubaliana kinazama chini ya heri za asubuhi na video za watu wanaoanguka, siku mbili baadaye hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Hii ndo kumbukumbu, mtu asije akasema hakuambiwa.

Mradi wenyewe: kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae, yaani kuivuka Usambara Magharibi mpaka pale milima inapokatika ghafla na chini unaona nyika. Siku tatu za kutembea, kila usiku nyumba tofauti, gesti Lukozi, kwa masista Rangwi, halafu gesti Mtae. Wazo ni la Mama Mapacha, bibi yake mzaa mama alikuwa Msambaa wa Mlalo na yeye mwenyewe hajawahi kupanda kupita Soni, anaona aibu, anasema kila akijitambulisha kwamba ana asili ya Usambara anaombea mtu asimuulize swali la pili.

Tuko watano. Tarehe ni Nane Nane kwa sababu inaangukia Ijumaa, ukiongeza ruhusa ya Alhamisi na Jumatatu unapata siku tano bila kugombana na bosi. Na Agosti masika yameshaisha, baridi ipo lakini njia za udongo zimekauka, ndivyo tunavyoamini.

Kamanda (tunamuita hivyo tangu atoke JKT, miaka tisa sasa na bado anasimama mguu sawa kwenye foleni ya luku) alitaka tubebe mahema "kwa dharura". Tumebishana saa nzima. Kura tatu kwa mbili, mahema yamekataliwa. Ameomba kura yake ikumbukwe. Imekumbukwa.

Jumapili 18 Mei

Pesa. Kila mtu 20,000 kwa wiki, wiki kumi na mbili, zinakaa kwangu kwa sababu eti mi ndo mwenye roho ngumu ya kudai. Hapo ndani kuna nauli ya kwenda na kurudi, kulala, chakula, mwongozaji, na kibali cha kupita msitu wa Magamba, ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, huingii tu kama unaingia shambani kwa mjomba, unapewa kontroo namba unalipa. Mwongozaji tumempata kupitia vijana wa utalii wa pale Lushoto mjini, ni kaka mmoja mpole wa sauti, nilivyomuuliza kutoka Lushoto mpaka Lukozi ni kilomita ngapi akacheka akasema "dada, sisi huku hatuhesabu hivyo, ni mwendo wa saa sita, saba kama mnaongea."

Mimi nimeshafungua ramani ya simu. Kwa barabara Lushoto mpaka Mtae ni kama kilomita 60. Ukigawa kwa siku tatu ni 20 kwa siku, na mtu wa kawaida anatembea kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo saa nne tu kwa siku halafu tunakaa tunakunywa chai. Nimeweka hiyo hesabu kwenye grupu na wote wameipigia makofi. Naiacha hapa kama ilivyo.

Nimepiga simu Rangwi pia. Sista aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho nikimueleza tutakuja na mifuko ya kulalia, jiko la gesi dogo, na chakula chetu, akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, huku kuna vitanda. Leteni masweta."

Jumamosi 14 Juni

Zoezi la kwanza, milima ya Pugu. Milima nasema kwa heshima tu, lakini kwa mtu wa Dar anayepanda ngazi pale tu lifti imeharibika, ilitosha. Tulitembea kama saa tatu na nusu na mabegi yakiwa na maji ya lita moja na nusu kila mtu na matofali mawili ya Kamanda ambayo hakuna aliyemtuma. Matokeo: Mama Mapacha goti la kulia linalalamika akishuka, Dogo (mdogo wake Kamanda, yuko chuo, hana kazi ila ana mapafu) alifika mwisho akawa amelala usingizi chini ya mti akitusubiri, mi kisigino cha kushoto kimetoka lengelenge la ukubwa wa shilingi mia.

Jioni tukapima mabegi kwa mangi, kwenye ile mizani yake ya unga. Tumekubaliana lengo ni kilo 8 kwa mtu. Mangi akauliza tunaenda Yerusalemu au wapi.

Jumamosi 19 Julai

Tumebaki wanne. Wa tano kapata tarehe ya harusi, na hapa mjini ukishakuwa na tarehe ya harusi pesa yote inaelekea upande mmoja, tena sisi wenyewe tumeshapewa kadi za mchango, kwa hiyo yeye kajitoa kwenye mradi wetu na sisi tumeingia kwenye wake. Alishaweka 100,000. Nimemrudishia yote. Naandika hapa kwa sababu kuna mtu alisema nimekata.

Manunuzi ya mwezi huu, kwa kifupi: koti la mvua la mtumba zuri kabisa, buti za kupandia mlima za mtumba nazo nzuri kabisa kwa kuzitazama (kumbuka hilo neno), tochi za kichwani nne, mifuko ya kulalia miwili ya kuazima, jiko dogo la gesi, sufuria mbili zinazoingiliana ambazo Kamanda anazionyesha watu kama mtoto mchanga, dagaa wa kopo, mchele kilo 4, tambi, majani ya chai, sukari. Dogo akauliza kwani Lukozi hakuna mama ntilie. Tukamwambia anyamaze.

Jumatano 6 Agosti, usiku

Mizani ya mangi kwa mara ya mwisho. Mama Mapacha 11. Dogo 7, lakini najua ana nguo moja. Kamanda 17 na anajisifu. Mimi 14. Lengo lilikuwa 8.

Nimetoa kila kitu nikakipanga sakafuni nikakiangalia kimoja kimoja nikijiuliza nitakihitaji au sitakihitaji, na kila kimoja nikakiona kina sababu yake, nikarudisha vyote na kuongeza kandambili.

Alhamisi 7 Agosti. Dar, Mombo, Lushoto

Stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, basi limetoka saa kumi na mbili na robo, Chalinze, Segera, Korogwe, mashamba ya mkonge kushoto na kulia mpaka unachoka kuyahesabu. Mombo joto kama mdomo wa tanuri. Halafu basi linakata kulia, linaanza kupanda, na ndani ya nusu saa kila mtu anafunga dirisha. Sijui kama kuna barabara nyingine Tanzania inayobadilisha hali ya hewa kwa kasi ile, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde na mto chini, na dereva anaongea na konda amegeuza kichwa. Soni tukanunua maparachichi dirishani.

Lushoto tumefika saa tisa. Kamji kazuri, kamekaa ndani ya bonde kama kitu kilichowekwa kwenye kiganja, misonobari na nyumba za zamani za Wajerumani, wao walipaita Wilhelmstal. Sa hivi ni bodaboda, maduka ya pembejeo na baridi inayokuingia kwenye mifupa ya vidole.

Mwongozaji alikuja jioni gesti kutuona. Akasalimia wote, akakaa, akaongea habari za safari, halafu bila kusema kitu akanyanyua begi langu kwa mkono mmoja akalirudisha chini taratibu. "Dada," akasema, "unahamia?"

Nikamwambia kuna chakula. Akauliza chakula cha nani.

Tumeacha gesti: jiko la gesi, mtungi, sufuria zote mbili (Kamanda aliziaga), kandambili, tambi. Mchele na dagaa Kamanda amekataa kuacha. Begi langu nakadiria kilo 11.

Ijumaa 8 Agosti. Siku ya kwanza: Lushoto, msitu wa Magamba, Lukozi

Mpango wangu: kuondoka saa moja, kufika saa tano na nusu. Hali halisi: kuondoka saa mbili kasorobo, kufika saa kumi na moja na nusu jioni.

Ngoja nieleze vizuri kwa sababu hii ndo sehemu niliyojidanganya kuliko zote. Kwanza kule hakuna tambarare, ukiona tambarare ujue ni uwanja wa mpira wa shule. Unapanda nusu saa unafika juu unaona kijiji unachokwenda, kiko pale, unaweza kuona mtu anaanika nguo, halafu njia inashuka mpaka chini kwenye kijito na kupanda tena, saa nzima imeisha na yule mtu ameshaanua. Pili, salamu. Mwongozaji hapiti mtu bila kumsalimia, na si ile "mambo" ya kupitia, anasimama, wanaulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za shamba, na sisi tuliosimama nyuma lazima na sisi tuseme shikamoo kwa kila mzee na kuitikia marahaba za watoto wanaotuamkia foleni nzima. Asubuhi ni "onga maundo". Mama Mapacha aliijua hiyo moja tu kutoka kwa bibi yake na aliitumia mpaka saa tisa alasiri, watu wakawa wanacheka wanamrekebisha, naye anafurahi kila anaporekebishwa.

Msitu wa Magamba. Tumeingia kama saa nne na ghafla kelele zote zikakatika. Miti mikubwa yenye ndevu za kijani, ardhi laini kama godoro, mwanga unashuka vipande vipande. Mwongozaji akaokota jani la mti unaitwa mkulo, akalisugua akatupa tunuse, harufu ya kafuri moja kwa moja, na Dogo akasema kitu ambacho wote tulikuwa tunakifikiria, kwamba inanuka kama nyumbani kwa marehemu. Mbega tuliwaona wawili, halafu watano, manyoya meupe yananing'inia kama shela, wanaruka bila haraka. Na kinyonga. Kamanda, mtu wa JKT, mtu wa matofali, alivyooneshwa kinyonga kwenye kichaka, kijani kabisa, mwenye pembe mbili puani, alirudi nyuma hatua tatu akakanyaga mguu wangu. Kwao ni mkosi, anasema. Mwongozaji anasema hata hapo kijijini wazee wengi hawataki kumgusa, ila wazungu wanatoka mbali kuja kumpiga picha kwa sababu baadhi ya aina za hapa huwezi kuzikuta mahali pengine popote duniani.

Tulivyotoka upande wa pili wa msitu kila kitu kimelimwa. Matuta mpaka juu kabisa ya mlima, kabichi, karoti, viazi, mteremko ambao mimi nikisimama nashika mti, mtu analima na jembe huku amemfunga mtoto mgongoni.

Halafu buti langu la kulia likafungua mdomo. Soli yote, kuanzia vidoleni. Nilitembea saa ya mwisho nimelifunga na kamba ya koti la mvua, kila hatua linapiga pa, pa, na nyuma yangu watoto wawili wamevaa yeboyebo wanatupita kwenye mteremko ule ule wakikimbia.

Lukozi ni soko. Nilitegemea kijiji cha ukungu na kuku, nimekuta mafuso yamepangana, matope, taa, muziki, watu wanaosha karoti wanazijaza kwenye magunia. Fundi viatu alikuwa bado yupo, akalitazama buti langu kama daktari, akasema hii gundi imekufa kwa kukaa muda mrefu stoo bila kuvaliwa, akalishona kuzunguka lote na uzi mnene, 3,000. Nikamuuliza litafika Mtae? Akasema litafika Dar.

Usiku hatukulala sana kwa sababu wanapakia. Nilitoka nje kwenda chooni nikakuta vijana wanapandisha lumbesa kwenye fuso, ile gunia iliyoshonewa kofia juu mpaka inazidi kimo cha mtoto, sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 na kila mtu anaijua, na lile lilikuwa limepita hapo kwa macho tu. Vijana wanne, ubao uliolala, mmoja anahesabu. Mmoja alikuwa na umri wa Dogo. Na mimi nilikuwa nimelalamika kutwa nzima na kilo 11, nikarudi ndani kimya. Karoti hizi hizi kesho kutwa zitakuwa sokoni Dar na mimi nitasema zimepanda bei.

Jumamosi 9 Agosti. Siku ya pili: Lukozi, Manolo, Rangwi

Mapaja hayatoki kitandani yenyewe, unayanyanyua kwa mikono. Chai na chapati kwa mama mmoja pembeni ya soko, hizo chapati nitaziongelea siku nyingine.

Leo nimeacha kuangalia ramani. Nilimuuliza mwongozaji tu "bado sana?" naye akajibu kama anavyojibu siku zote, "hapo tu, tukishavuka kile", na kidole chake kinaonyesha vilima vitatu kwa pamoja.

Tukio la leo. Tumepita kwenye ua wa nyumba, na hapa lazima niseme kwamba karibu njia yote inapita kwenye nyua za watu, unapita kati ya jiko na kamba ya nguo, mbuzi anakuangalia, hakuna pori. Bibi mmoja amekaa anachambua maharage. Tukampa shikamoo zetu nne. Akaitikia, akatuangalia mabegi, akamuangalia mwongozaji, akauliza kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: "Poleni wanangu. Msiba uko wapi?"

Kwa sababu ukifikiria, watu wanne wazima, wanatoka Dar, wana mabegi, wanatembea kwa miguu haraka haraka wakati barabara ina magari, ni nini kingine? Mwongozaji akamueleza kwamba hapana bibi, wanatembea tu. Bibi akarudia, wanatembea tu. Akamuuliza Mama Mapacha watoto kamuachia nani. Mama Mapacha akamuambia, halafu akamtajia bibi yake wa Mlalo, jina na la ukoo, na pale mambo yakageuka, tukawekewa mkeka, tukaletewa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na ikachukua saa moja na nusu kufuatilia nani kamuoa nani mpaka ikapatikana kwamba wana ukoo kwa upande wa shemeji wa mtu. Hilo la saa moja na nusu halikuwa kwenye mpango. Kamanda alikuwa anaangalia saa dakika ishirini za kwanza tu, baadaye alikuwa anachambua maharage.

Wakati wa kuondoka Kamanda akafungua begi akatoa mchele wote kilo 4 na makopo ya dagaa, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akatupa karoti na miwa. Njiani mwongozaji akacheka akasema umefanya kama Mbegha. Nikajua anaongelea nyani, kumbe ni yule mwindaji wa zamani aliyetoka milima ya Nguu, akaja huku akiwa anawinda nguruwe pori, anawapa watu nyama na wao wanampa chakula cha shambani, mwisho wakamfanya mtawala wao, ndo mwanzo wa Wakilindi na ufalme wa Vugha. Kamanda akanyoosha mgongo. Dogo akamuambia kwa dagaa za kopo utapewa ujumbe wa nyumba kumi tu.

Rangwi tumefika giza linaingia. Misheni ya Wakatoliki, kanisa, bustani zimepangwa kwa mstari, na masista kweli wana vitanda. Na blanketi mbili kila kitanda. Na maji ya moto ya kuni kwenye ndoo. Sista yule wa simu nilimjua kwa sauti, nikamuambia Sista, ni mimi wa mifuko ya kulalia. Akasema, "Umeileta?" Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa akaenda kutuletea supu.

Goti la Mama Mapacha limevimba. Tumelifunga. Begi langu: sijui, kilo 8? Nimetoa sweta moja kwa binti anayefanya kazi jikoni, alikuwa na khanga tu begani.

Jumapili 10 Agosti. Siku ya tatu: Rangwi, Sunga, Mtae

Kengele ya misa kabla hata hakujapambazuka. Nje ukungu mzito, unanyoosha mkono huoni vidole, na manyunyu. Kumbe kiangazi cha huku nacho kina akili zake.

Nitasema ukweli kwa sababu hii ni shajara, si tangazo: Mama Mapacha hakutembea yote. Baada ya kama saa mbili goti lilikataa kabisa kushuka, tulikuwa na kikao pale pembeni ya njia tumelowana, Kamanda akajitolea kumbeba akakataliwa, na mwisho tulimpandisha bodaboda mpaka Sunga na baadaye nyingine mpaka Mtae, na mabegi yetu mawili mgongoni kwa dereva. Alilia kidogo. Alisema bibi yake alikuwa anatembea njia hizi na mzigo kichwani. Mwongozaji akamuambia, "Na yeye bodaboda ingekuwepo angepanda."

Sisi watatu tumefika Mtae saa kumi. Kijiji kimekaa juu ya ukingo, barabara moja inapita katikati ya mgongo wa mlima, nyumba huku na huku, kanisa la Kilutheri la tangu enzi za Wajerumani, msikiti, maduka machache. Na pembeni, pale tulipotoka Dar kuja kupaona, pale milima inapokatika: nyeupe. Ukungu tu. Kama mtu ametundika shuka.

Tulisimama pale dakika kumi. Kamanda akarusha jiwe. Halikusikika lilipofika.

Sasa tatizo: basi la kurudi linaondoka saa kumi usiku, kabla ya alfajiri, kwa hiyo kwa mpango wangu tunaondoka bila kuona. Kikao cha pili cha siku, kwenye gesti, miguu iko ndani ya beseni. Mpango ulikuwa unasema Jumatatu kurudi. Dogo alisema yeye hana kazi anaweza kukaa mpaka Krismasi. Nikatoka nje nikampigia bosi, Jumapili saa mbili usiku, nikamuomba siku moja zaidi. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna ukungu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema sawa, ila Jumatano nisikuulize uko wapi.

Jumatatu 11 Agosti. Mtae

Adhana ndo iliniamsha. Nikatoka na blanketi la gesti mabegani, ukungu bado upo lakini umeshuka, uko chini yetu, tumesimama juu yake. Mzee mmoja alikuwa ametoka msikitini, akaja kusimama na sisi, hatukumuuliza kitu. Jua lilivyopanda ukungu ukaanza kupasuka, kwanza kipande kimoja, ukaona rangi ya kahawia chini, mbali sana, kama unaangalia nchi nyingine. Halafu ukaondoka wote. Chini kabisa nyika ya Mkomazi, tambarare mpaka macho yanachoka, mahali ambapo kuna tembo na vifaru, na milima ya Pare kushoto imekaa kama mgongo wa ng'ombe amelala. Mzee akasema kwa lugha yao huku juu ni shambaai na kule chini ni nyika, ni vitu viwili, hewa mbili, mtu wa huku akishuka kule anaumwa homa. Dogo akasema anauona Kilimanjaro. Wote tukaangalia. Kamanda anasema ni wingu. Mzee akasema siku nyingine huwa unaonekana, ila leo hataki kugombanisha ndugu.

Mama Mapacha alikaa pale kwenye jiwe mpaka saa tano. Alipiga simu nyumbani, akawaonyesha mapacha kwa video, mtandao unakatika, wanauliza mama bahari iko wapi.

Mchana tumekula ugali, maharage na kabichi, tumelala, tumelala tena.

Jumanne 12 Agosti. Kurudi

Basi saa kumi usiku, watu na magunia na kuku mmoja chini ya kiti changu. Barabara ile ile tuliyoikwepa siku tatu tumeimaliza kwa saa chache tukiwa tumesinzia, nikifumbua macho naona Lukozi, nikifumbua tena Magamba. Lushoto tumechukua jiko na sufuria gesti, Kamanda kazipokea kama ndugu waliorudi vitani. Tumenunua jibini la Irente. Soni basi lilisimama dakika tano tu, zilitosha kufanya uharibifu.

Alhamisi 14 Agosti. Hesabu

Kila mtu aliweka 240,000. Iliyobaki kwa mtu ni 18,500, nimeshatuma, na siku ya ziada Mtae imo humo. Bodaboda mbili za Mama Mapacha tumegawana, amekataa, tumemlazimisha. Goti linapungua. Buti halijafunguka. Tambi zimerudi mzima mzima kutoka Lushoto na hakuna anayezitaka.

Jana jioni nilipita kwa mangi na begi kabla sijalifungua, nikaliweka kwenye mizani. Kilo 19. Karoti, viazi, maparachichi ya Soni, kabichi mbili, miwa ya yule bibi, na jibini. Mangi akafungua zipu akachungulia.

"Karoti unauzaje?"